Askari Anaporudi na Vita Moyoni: Siri, Lugha na Tiba ya Akili Jeshini

Utangulizi

Ni jambo lisilopingika kwamba taifa linalowatuma vijana wake vitani hujiandaa kuwapokea watu wa aina mbili. Kuna waliouawa, ambao majeneza yao hufunikwa bendera na kupigiwa tarumbeta. Kuna waliojeruhiwa, ambao hupokelewa kwa machela na madaktari wa upasuaji. Aghalabu husahauliwa kundi la tatu: askari aliyerudi na viungo vyake vyote, akapiga saluti, akapanda matatu hadi kwao, ilhali vita vimepanda naye. Huyu hana jeneza wala bendeji. Mwenzi wake wa ndoa ndiye wa kwanza kutambua kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka, na mara nyingi hana wa kumwambia.

Makala haya yanahusu kundi hilo la tatu. Dai letu ni kwamba huduma za afya ya akili jeshini haziwezi kusimamiwa vyema kwa kujenga wodi na kuajiri madaktari pekee, maadamu askari anayeumwa haoni njia ya kusema kwamba anaumwa pasi na kupoteza heshima, cheo au kazi. Njia hiyo ina nguzo mbili: siri na lugha. Nguzo ya kwanza ni jukumu la wakuu wa jeshi na watunga sheria. Nguzo ya pili, wasomi wenzangu wa Kiswahili, inatuhusu sisi.

Jeraha lililobadilishwa majina

Jeraha hili si geni. Majina yake ndiyo yanayobadilika. Mnamo Februari 1915, daktari Charles Myers wa Uingereza aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu askari waliopungukiwa na uwezo wa kuona, kunusa na kukumbuka baada ya kulipukiwa na makombora. Hali hiyo aliiita mshtuko wa makombora. Jina lilienea haraka, walakini halikuwaokoa wote. Katika vita hivyo jeshi la Uingereza liliwapiga risasi mamia ya wanajeshi wake lenyewe kwa makosa kama vile uoga na kutoroka. Mmoja wao, Harry Farr, aliuawa Oktoba 1916, ijapokuwa mwaka uliotangulia alikuwa amelazwa hospitalini kwa miezi kadhaa akitibiwa mshtuko huo huo. Jamaa zake walilipigania jina lake kwa miaka mingi, hadi mwaka 2006 sheria ilipopitishwa Uingereza kuwasamehe wanajeshi 306 waliouawa kwa namna hiyo.

Msomaji na ajiulize ni kitu gani kilichobadilika kati ya mwaka 1916 na 2006. Matendo ya Farr yalibaki yale yale: alitetemeka, akashindwa kwenda mbele. Lililobadilika ni neno. Kilichoitwa uoga kilikuja kuitwa ugonjwa, na kati ya maneno hayo mawili palikuwa na uhai wa mtu.

Marekani nayo ilijifunza baada ya vita vya Vietnam. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa nchi hiyo waliingiza rasmi katika mwongozo wao wa magonjwa hali ambayo katika makala haya tutaiita ugonjwa wa kiwewe. Dalili zake zinajulikana vyema leo. Mgonjwa hurudiwa na tukio, usiku kwa majinamizi na mchana kwa kumbukumbu zisizobisha hodi. Huepuka watu, mahali na mazungumzo yanayomkumbusha. Hukaa chonjo kila saa kana kwamba yungali kwenye doria. Mlango ukibamizwa, huruka. Hatimaye hisia zake hupooza, au hugeuka kuwa hasira, lawama na hatia ya kubaki hai ilhali wenzake wamekufa. Haya yakidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha yake, huwa ni maradhi yanayohitaji tiba. Tiba nayo ipo: mazungumzo ya mpango maalumu pamoja na mtaalamu, na dawa inapobidi.

Vita vyetu wenyewe

Tusidhani kwamba haya ni masimulizi ya ughaibuni. Jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ni Carrier Corps iliyovishwa sauti za Kiswahili. Ni kumbukumbu ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliofariki kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Katika Vita vya Pili, makumi ya maelfu ya Wakenya walihudumu jeshini. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944 katika bonde la Kabaw nchini Burma. Lugha iliyowaunganisha wanajeshi wa King's African Rifles ilikuwa Kiswahili, hususan kile Kiswahili cha kambini kilichoitwa KiKAR. Kilikuwa kwanza ni Kiswahili cha amri na majibu mafupi. Askari alihitaji kuelewa alipoambiwa asimame, atembee au apige. Hakuna aliyemtarajia aeleze anachokiota.

Elimu ya magonjwa ya akili nayo ilikuja kwetu kwa mlango wa kikoloni. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia kuanzia mwaka 1938, ndiye aliyeandika mwaka 1954, kwa niaba ya serikali ya kikoloni, kijitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau, ambamo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa zaidi kama tatizo la akili zao. Hivyo ndivyo sayansi hii ilivyoanza hapa: ilisema juu ya Mwafrika kabla ya kusema naye. Si ajabu kwamba hadi leo jina la Mathari hutumiwa mitaani kama tusi.

Katika kizazi chetu, Majeshi ya Ulinzi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011 kwa operesheni ya Linda Nchi, na mwaka 2012 yakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilivamiwa. Tarehe 27 Januari 2017 ikawa zamu ya Kulbiyow. AMISOM iligeuka kuwa ATMIS mwaka 2022, na mwaka 2025 nafasi yake ikachukuliwa na AUSSOM. Kijana aliyeajiriwa wakati wa Linda Nchi leo ni mtu wa makamo, na yamkini amevuka mpaka huo zaidi ya mara moja.

Baada ya shambulio la El Adde, serikali haikutoa hesabu kamili ya waliouawa, ilhali makadirio ya vyombo vya habari yalizidi 100. Zilikuwapo sababu za kiusalama zilizotolewa, nami sikusudii kuzijadili hapa. Ninachouliza ni hiki: ikiwa wafu hawakuhesabiwa kwa sauti, aliyenusurika atapata wapi ruhusa ya kusimulia? Kimya cha taifa hufundisha kimya cha mtu binafsi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Tumezoea kukielewa kilio hicho kuwa cha matanga tu. Kipo kilio kingine, kinachomfuata shujaa aliye hai hadi chumbani kwake miaka mitatu baada ya vita.

Nguzo ya siri

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 kuhusu wanajeshi waliotoka Iraki na Afghanistani ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa na dalili za maradhi ya akili, ni asilimia 23 hadi 40 tu waliotafuta msaada. Fauka ya hayo, waliohitaji msaada zaidi ndio waliohofia zaidi kuonekana dhaifu machoni pa wenzao na wakubwa wao. Hili ndilo fumbo la msimamizi yeyote wa huduma hizi: mlango wa daktari uko wazi, lakini kila anayeuingia huonekana na kikosi kizima.

Daktari wa jeshi ana mabwana wawili. Anamtumikia mgonjwa aliye mbele yake, na anamtumikia kamanda anayetaka kujua kama mtu huyo anaweza kupewa bunduki kesho. Askari analijua hilo kabla ya kuketi. Basi hueleza maumivu ya mgongo, kichwa au tumbo, hupewa vidonge, na kurudi kambini na siri yake.

Sheria zetu hazijalitatua jambo hili. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na Kifungu cha 31 kinalinda faragha yake. Walakini Kifungu cha 24(5) kinaruhusu sheria kuwawekea wanajeshi mipaka katika baadhi ya haki, na miongoni mwa haki zinazotajwa ni hizo hizo mbili: faragha, pamoja na haki za kiuchumi na kijamii ambamo afya imo. Nayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilitenga sehemu maalumu kuhusu wanajeshi, ila iliwazungumzia katika hatua ya kulazwa, pale afisa wa tiba wa jeshi anapothibitisha kwamba amemchunguza mhusika. Kwa maneno mengine, sheria ilimwona askari alipofika mlangoni pa hospitali. Miezi mingi ya kuhangaika iliyomfikisha hapo haikuiona.

Ikumbukwe kwamba kuruhusu si kulazimisha. Katiba haimzuii Waziri wa Ulinzi wala Mkuu wa Majeshi kuandika kanuni za kumlinda askari anayetafuta tiba. Ninapendekeza kanuni hizo ziwe na mambo manne.

Kwanza, faili la ushauri nasaha litengwe na faili la utumishi. Mshauri aruhusiwe kumwarifu kamanda pale tu ambapo maisha ya askari au ya watu wengine yamo hatarini, na mipaka hiyo isomwe mbele ya askari kabla hajafungua kinywa. Marekani ilipoanzisha mwaka 1979 vituo vya ushauri vya wanajeshi wa zamani, iliviweka mitaani, nje ya hospitali, kwa sababu wengi wao hawakuziamini tena taasisi za serikali.

Pili, kila anayerudi kutoka vitani ahojiwe, kuanzia kuruta hadi kanali, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole. Mahojiano yafanyike mara mbili: anaporudi, na tena baada ya miezi kadhaa. Siku ya kurudi, kila mtu anataka kwenda nyumbani na atajibu kwamba hana neno. Marekani ilitambua hivyo, na tangu mwaka 2005 ikaanza kuwahoji tena wanajeshi wake miezi 3 hadi 6 baada ya kurudi. Uingereza nayo iliwapumzisha askari waliotoka Afghanistani kwa takriban saa 36 kisiwani Kupro kabla ya kuwafikisha kwao, wapate kulala, kuoga baharini na kuzungumza na walioyaona waliyoyaona.

Tatu, wanajeshi wenyewe wafunzwe kutambua dalili. Kikosi cha Royal Marines cha Uingereza kilianzisha utaratibu ambapo askari wa kawaida waliopata mafunzo huwafuatilia wenzao baada ya mkasa na kuwaelekeza kwa wataalamu inapohitajika. Sajini aliyekula na mtu huyo chungu kimoja huona mabadiliko mapema kuliko daktari anayemwona mara moja kwa mwaka. Tuepuke hata hivyo kishawishi cha kumaliza kazi kwa semina ya siku moja. Tafiti zimeonyesha kwamba kumlazimisha mtu kusimulia mkasa wake katika kikao kimoja mara tu baada ya tukio hakuzuii ugonjwa wa kiwewe, na wengine huweza kuwadhuru.

Nne, familia na wastaafu wasiachwe nyuma. Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022. Sheria hiyo itakuwa na maana ikiwa mstaafu aliyeko Lodwar au Kwale atampata mshauri karibu naye, badala ya kuambiwa asafiri hadi Nairobi. Ugonjwa wa kiwewe haustaafu pamoja na mwenyewe.

Nguzo ya lugha

Hapa ndipo ninapowageukia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tuchukulie kwamba kanuni zote hizo zimeandikwa na siri imelindwa. Askari anaketi mbele ya mshauri. Ataanza na neno gani?

Maneno yaliyo karibu naye ni wazimu, kichaa, na kurukwa na akili. Hayo ni maneno ya kumfukuza mtu katika jamii. Kando yake lipo neno jipya linalopendwa na vyombo vya habari: msongo wa mawazo. Hili halitusi, lakini limebebeshwa mzigo usio wake. Mwanafunzi anayengoja matokeo ana msongo wa mawazo. Mfanyabiashara mwenye deni ana msongo wa mawazo. Askari aliyeokota viungo vya rafiki yake naye, tunaambiwa, ana msongo wa mawazo. Neno linapowaenea wote kwa kipimo kimoja, hakuna hata mmoja ambaye daktari amemwelewa.

Si kwamba lugha yetu ni maskini. Kiswahili kina kiwewe, ule mchanganyiko wa hofu na kupumbaa unaomshika mtu aliyekumbwa na jambo la kutisha. Kina kihoro, mshtuko wa majonzi ya kufiwa au kupoteza. Kina jakamoyo, wasiwasi unaouendesha moyo mbio. Kina fadhaa, simanzi, ukiwa na jinamizi. Tanzania wameliimarisha neno sonona kwa ugonjwa wa huzuni ya kudumu, ilhali Kenya tungali tunayumba kati ya unyogovu, mfadhaiko na huo msongo. Maneno haya tunayafundisha kama msamiati wa fasihi, tunayatungia sentensi katika mitihani, kisha tunayaacha darasani. Hayajafika katika chumba cha mshauri nasaha.

Kuna pia suala la tafsiri. Madodoso ya kupima afya ya akili hutungwa aghalabu kwa Kiingereza. Baadhi yake, kama lile la PHQ-9 la kupima sonona, yametafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa nchini. Hata hivyo, mwanafunzi yeyote wa nadharia za tafsiri anajua hatari ya tafsiri sisisi. Muulize sajini kama amekuwa akihisi huzuni, na yamkini atajibu la, bila kusema uongo. Neno huzuni kwake ni la msibani. Muulize usingizi wake ukoje, kwa nini haketi tena kuipa mlango mgongo, na kama watoto wake humkimbilia au humkimbia anapoingia, na huenda akazungumza hadi jioni. Kulijua swali la pili kunahitaji mtu anayeijua lugha na wasemaji wake. Daktari peke yake hatoshi, na mtaalamu wa lugha peke yake hatoshi. Idara za Kiswahili na shule za udaktari katika vyuo vyetu ziko umbali wa hatua chache. Zikutane, zitunge madodoso na kamusi ndogo ya afya ya akili, na wanajeshi wastaafu waalikwe kuyapima maneno hayo kabla hayajachapishwa.

Fasihi yetu pia ina deni. Tangu Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 hadi Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert kuhusu Vita vya Pili vya Dunia, Kiswahili kimekuwa hodari wa kusimulia vita. Mara nyingi shujaa husifiwa uwanjani, kisha masimulizi humwaga kwenye kizingiti cha nyumba yake. Watunzi chipukizi wa chama hiki wana uwanja mpana hapo. Mtu akikutana na jeraha lake katika tamthilia au riwaya, hujua kwamba si yeye wa kwanza kulibeba.

Hoja ya wapinzani

Wapo watakaosema kwamba jeshi si kituo cha ushauri. Kwamba ukifungua mlango huu, wavivu watajisingizia ugonjwa ili wasipelekwe vitani. Na kwamba mtu mwenye bunduki hapaswi kufichiwa siri. Hoja hizi zina uzito, na nidhamu ya jeshi si ya kuchezewa. Walakini wanaojisingizia ugonjwa wamekuwapo tangu majeshi yaanze, na mtaalamu aliyefunzwa ndiye anayeweza kuwatambua. Kuhusu silaha, hali ya sasa ndiyo ya hatari zaidi: askari anayeogopa kusema ndiye anayeendelea kulinda ghala usiku akiwa na bunduki mkononi. Akijua kwamba anaweza kuirudisha silaha kwa muda, akatibiwa na kurudi kazini bila doa, ataisalimisha mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kambi ya kijeshi kifo hicho huenda kisiwe chake peke yake.

Hitimisho

Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa uamuzi huo, aliyekuwa mshtakiwa alianza kutazamwa kama mgonjwa. Ni safari ile ile ya Harry Farr, na kwetu imeanza. Jeshi halipaswi kubaki nyuma ya mahakama.

Wakuu wa jeshi wailinde siri ya askari anayetafuta tiba. Bunge liandike mipaka ya siri hiyo kwa maneno yanayoeleweka. Nasi tulio na dhamana ya lugha tumpe askari huyo maneno ya kusema yaliyompata, kwa Kiswahili kile kile alichoamriwa nacho kwenda vitani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu umo ndani ya nyumba zetu, kwa kuwa askari hawa ni ndugu zetu, na jioni hurudi nyumbani kwa wake, waume na watoto wao.